Nesi Anapotafuta Jibu: Kitovu cha Mtoto Kipakwe Nini?

  Leo tutazungumza juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Lakini tutapitia njia ambayo pengine hatujaizoea. Tutafuatana na muuguzi anapotafuta jibu la swali ambalo akina mama wengi huliuliza kliniki. Ukielewa jinsi anavyolitafuta, utajua pia jinsi ya kupima ushauri wowote unaopewa kuhusu mtoto wako.

Swali lenyewe ni hili. Mama amejifungua. Mama mkwe anamwambia apake kitovu majivu kidogo ili kikauke upesi. Jirani anamwambia akamulie maziwa ya titi. Alipopata mtoto wa kwanza, miaka mingi iliyopita, hospitalini alifundishwa kupangusa kitovu kwa spiriti. Kwa mtoto wa pili akaambiwa asipake kitu chochote. Sasa ni mtoto wa tatu, na amepewa jeli ya kupaka. Mama huyu anauliza, "Nesi, nimfuate nani? Mbona kila mara mnatuambia mambo tofauti?"

Mama huyu ana haki ya kuuliza, na swali lake si dogo. Kitovu kilichokatwa ni kidonda kibichi. Ndani yake mna mishipa iliyokuwa ikipitisha damu kati ya kondo la nyuma na mtoto. Viini vya ugonjwa vikiingia hapo vinaweza kufika kwenye damu ya mtoto kwa muda mfupi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Uambukizo ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo hivyo.

Basi nesi atafanya nini? Hakuna muuguzi anayejua kila kitu. Mwenye busara atasema, "Mama, kwa leo kiweke kitovu safi na kikavu, wala usipake majivu. Kuhusu jeli nipe muda, nitatafuta nikueleze vizuri." Ukisikia nesi akisema hivyo, usimdharau. Huyo anakuheshimu wewe na mtoto wako.

Anatafuta wapi? Zipo maktaba za utafiti zinazosomwa kwa kompyuta au simu. Wataalamu huziita hifadhidata. Moja inaitwa PubMed. Inaendeshwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ilifunguliwa mwaka 1996, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Ina muhtasari na taarifa za makala zaidi ya milioni 35. Nyingine ni Maktaba ya Cochrane, yenye jina la daktari Archie Cochrane wa Uingereza. Kazi ya maktaba hii ni kukusanya tafiti nyingi za swali moja, kuzipima ubora, na kusema zote kwa pamoja zinaonyesha nini. Ipo pia Hinari, iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Kupitia Hinari, vyuo na hospitali zilizosajiliwa katika nchi zisizo tajiri husoma majarida ya tiba bila malipo au kwa ada ndogo.

Sasa fikiria makala milioni 35. Nesi akiingia humo bila mpango atapotea kama mtu aliyeingia soko la Gikomba bila kujua anataka kununua nini. Akiandika neno "kitovu" peke yake kwa Kiingereza, ataletewa maelfu ya makala: upasuaji wa kitovu, damu ya kitovu, magonjwa ya watu wazima, hata vitovu vya ndama. Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, anachukua karatasi na kalamu. Anaanza kwa kulikata swali la mama vipande vinne.

Kipande cha kwanza: Nani? Ni mtoto mchanga aliye katika wiki ya kwanza ya maisha.

Kipande cha pili: Nini? Ni kupaka kitovu dawa ya kuua viini inayoitwa klorheksidini. Hiyo ndiyo jeli aliyopewa mama.

Kipande cha tatu: Badala ya nini? Badala ya kukiacha kitovu kikiwa safi na kikavu bila kupaka kitu.

Kipande cha nne: Ili iweje? Ili mtoto asipate uambukizo wa kitovu na asife.

Nani, nini, badala ya nini, ili iweje. Mama, yakariri maneno hayo. Wauguzi hufundishwa mpango huu chuoni, lakini hauhitaji cheti. Na kile kipande cha tatu, "badala ya nini", ukiangalie sana. Tutakirudia.

Baada ya hapo nesi anaorodhesha maneno ya kutafutia. Kitu kimoja huwa na majina mengi. Ukienda sokoni Mombasa utaomba mchicha. Nyeri wataiita terere, na kule Magharibi wataiita dodo. Mboga ni ileile. Ukiulizia jina moja tu, muuzaji anaweza kukuambia haipo na huku imejaa kwenye kikapu chake. Tafiti nazo ni hivyo hivyo. Mwandishi mmoja ataandika "mtoto mchanga", mwingine "mtoto aliyezaliwa karibuni". Kwa hiyo nesi anaandika majina yote na kuyaunganisha kwa neno la Kiingereza OR, lenye maana ya "au". Kompyuta italeta makala zenye jina lolote kati ya hayo. PubMed pia ina orodha maalumu ya vichwa vya mada, ambapo wakutubi wamechagua jina moja la kusimamia majina mengine yote. Nesi akilitumia jina hilo, hata makala zilizotumia majina mengine humfikia.

Kisha anaunganisha vipande vyenyewe kwa neno AND, maana yake "na". Mtoto mchanga NA kitovu NA klorheksidini. Hapo ni kama kuchekecha unga. Kila neno "na" ni chekecheke jingine, na kinachobaki ni kile chenye sifa zote. Makala zinashuka kutoka maelfu hadi idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuipitia. Zikibaki nyingi mno, anaongeza kipande kingine. Zikiwa chache mno, anaondoa kimoja au anaongeza majina.

Jambo jingine: nesi hasomi tu makala iliyotokea juu kabisa na kufunga kompyuta. Anaanza na mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi, kisha anatazama kama kuna tafiti mpya zaidi. Na kila makala anaiuliza, wewe umeandikwa mwaka gani, na watoto uliowachunguza walikuwa wapi?

Sasa tuone alichokipata.

Katika Maktaba ya Cochrane anakutana na mapitio ya mwaka 2013 kuhusu dawa za kupaka kitovuni. Humo mna tafiti tatu kubwa za vijijini Asia ya Kusini. Ya kwanza ilifanywa Nepal na matokeo yake yakatolewa mwaka 2006. Ilihusu watoto zaidi ya 15,000. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakasafishwa kitovu kwa klorheksidini, wengine wakaachwa na kitovu kikavu. Vifo katika kundi la dawa vilikuwa pungufu kwa asilimia 24. Nyingine mbili, za Bangladesh na Pakistan, zilitolewa mwaka 2012. Mapitio yalipojumlisha zote tatu yalikuta vifo vimepungua kwa asilimia 23. Lakini kwa watoto waliozaliwa hospitalini, mapitio hayo hayakukuta ushahidi wa wazi kwamba dawa inaokoa maisha kuliko kitovu kikavu.

Nesi mwenye haraka angesimama hapo. Angesema, dawa imethibitishwa, kila mtoto apakwe. Lakini huyu wetu ametazama mwaka: 2013. Anarudi PubMed na kuomba tafiti zilizotoka baadaye. Anakuta mbili kubwa za mwaka 2016, na zote ni za Afrika. Moja ni ya Zambia, katika Mkoa wa Kusini. Nyingine ni ya Pemba, kisiwa cha jirani zetu wa Zanzibar, iliyohusu watoto zaidi ya 36,000. Katika tafiti hizo mbili, vifo havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mtoto aliyepakwa dawa na mtoto aliyeachwa na kitovu kikavu walikuwa na nafasi inayokaribiana ya kuishi.

Mama atashangaa. Dawa ni ileile, kitovu ni kilekile. Mbona Nepal isaidie na Pemba isisaidie? Sababu mojawapo inayoelekea kueleza hilo ni mazingira. Katika vijiji vile vya Asia, watoto wengi walizaliwa nyumbani na vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi. Zambia na Pemba, watoto wengi zaidi walizaliwa katika vituo vya afya, na vifo vilikuwa vichache. Palipo na uchafu mwingi dawa ina kazi kubwa ya kufanya. Palipo safi tayari, kazi yake hupungua.

Sasa turudi kwenye kipande cha tatu: badala ya nini? Katika tafiti hizi, dawa ililinganishwa na kitovu kikavu. Je, kwako nyumbani dawa ingechukua nafasi ya nini? Kama kitovu kingekuwa safi na kikavu, faida ya dawa ni ndogo. Lakini kama kingepakwa majivu, udongo, mate au kinyesi cha ng'ombe, hesabu inabadilika kabisa. Vitu hivyo hubeba viini, na katika udongo na kinyesi mna viini vya pepopunda, ugonjwa unaomkaza mtoto mwili mpaka asiweze kunyonya.

Hivi ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyopima jambo hili. Katika mwongozo wake uliotoka mwaka 2014, lilipendekeza klorheksidini kila siku katika wiki ya kwanza kwa watoto wanaozaliwa nyumbani, mahali ambapo watoto wachanga 30 au zaidi hufa kati ya kila 1,000. Kwingineko lilipendekeza kitovu kiwe safi na kikavu. Mwaka 2022, baada ya tafiti za Afrika kutoka, likatoa mwongozo mpya. Kitovu kiwe safi na kikavu. Klorheksidini itumike tu mahali ambapo watu wamezoea kupaka kitovuni vitu vya kienyeji vyenye madhara. Yaani dawa ichukue nafasi ya kinyesi na majivu.

Umeona sasa kwa nini ushauri ulibadilika? Nesi wa spiriti hakukudanganya. Alikupa kilichofundishwa siku zake. Nesi wa kitovu kikavu naye alikuwa na sababu zake. Na aliyekupa jeli huenda alifikiria kuwa ukifika nyumbani utashawishiwa kupaka kitu kibaya zaidi. Elimu ya afya hukua kama mtoto. Vazi la mwaka jana linaweza kumbana mwaka huu.

Basi nesi wetu anarudi kwa mama na jibu. Na jibu hilo nakupa na wewe.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitovu. Kiache wazi kipate hewa, wala usikifunge kwa bandeji au kitambaa. Kunja nepi ikae chini ya kitovu ili mkojo usikiloweshe. Kikichafuka, kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha kikaushe taratibu kwa kitambaa safi. Usikivute hata kama kimebaki kuning'inia kwa uzi. Kwa kawaida hudondoka chenyewe katika wiki moja au mbili.

Ukipewa jeli au dawa ya maji ya klorheksidini, ipake kama ulivyoelekezwa na kwa siku ulizoambiwa. Usishtuke kitovu kikichelewa kidogo kudondoka, maana dawa hiyo hukichelewesha. Lakini sikiliza hapa kwa makini: dawa hiyo ni ya kitovu tu. Isiguse macho wala masikio, na mtoto asinyweshwe. Wapo watoto katika nchi kadhaa za Afrika walioumia macho vibaya kwa sababu mtu alidhani ni dawa ya macho. Iweke mbali na dawa nyingine, na mwonyeshe kila anayekusaidia kulea. Ikiingia jichoni, osha jicho mara moja kwa maji mengi safi na ukimbie hospitali.

Mpeleke mtoto hospitali bila kungoja asubuhi ukiona dalili hizi: ngozi kuzunguka kitovu imekuwa nyekundu au imevimba, kitovu kinatoa usaha au harufu mbaya, damu haikomi, mtoto ana joto kali au amekuwa baridi, anakataa kunyonya, amelegea, anapumua kwa shida, au mwili unakakamaa. Hapo usitafute jibu kwenye simu. Tafuta gari au pikipiki.

Na nyumbani je, utamwambia nini mama mkwe? Usimvunjie heshima. Majivu yake yametoka kwa mama yake, naye alikuwa akitafuta kilekile unachokitafuta wewe, mtoto aishi. Unaweza kumwambia, "Mama, kliniki wamesema kitovu kikiachwa kikavu kinapona vizuri. Naomba unisaidie kukiangalia kila siku, wewe una macho ya uzoefu kuniliko mimi." Ukimpa kazi ya kulinda kitovu, hatakuwa na haja ya kukipaka kitu. Na siku ya kliniki nenda naye, asikie mwenyewe kutoka kwa nesi.

Kabla sijaaga, kuna jambo la simu. Siku hizi ushauri wa afya unaingia kwenye simu zetu usiku na mchana. Mtu anatuma ujumbe kwamba utafiti umegundua dawa fulani ya watoto. Usiukatae wala usiuamini upesi. Upime kwa maneno yetu manne. Nani: ni watoto wachanga au watu wazima? Nini: ni dawa gani hasa, na kiasi gani? Badala ya nini: ililinganishwa na kitu gani? Ili iweje: iliokoa maisha, au ilifanya tu kitu fulani kionekane vizuri? Halafu ongeza mawili: wapi, na lini? Ujumbe usioweza kujibu hata moja kati ya hayo, usiupeleke kwa mwenzako na usiutumie kwa mtoto. Upeleke kwa nesi, umwombe atazame.

Nanyi wauguzi mnaotusikiliza, mama akiuliza "ushauri huu umetoka wapi?", msikasirike. Amewapa swali zuri. Chukueni karatasi, likateni vipande vinne, mkatafute.

Mambo ya kukumbuka:

1. Kitovu cha mtoto kiwe safi na kikavu. Usipake majivu, udongo, mate, maziwa, mafuta wala kinyesi.

2. Klorheksidini ukipewa ni ya kitovu peke yake. Isiingie machoni wala masikioni.

3. Ukiona wekundu, uvimbe, usaha, harufu mbaya, au mtoto akikataa kunyonya, nenda hospitali mara moja.

4. Kila ushauri uulize: nani, nini, badala ya nini, ili iweje. Kisha wapi na lini.

5. Nesi anayesema "nitatafuta" mpe muda, na umkumbushe siku ya kliniki.

 Wabusuni watoto kwa niaba yangu, na kumbukeni kunawa mikono kwanza.